Barua ya wazi kwa wenye kitabu cha mbwa: Chapo ana miezi 16 na bado hana baba

Kwa mwenyekiti, katibu na kamati yote mnaoshika kitabu cha mbwa wa ukoo hapa nchini, kile cha kuandikisha mbwa pamoja na baba na mama zao,

Wakubwa, hamjambo. Mimi si mtu wa kuandika barua, mimi nauza misumari, rangi na mabati hapa Nakuru, na ofisini kwenu nshafika mara tatu kwa hivyo sura mnaijua ata kama jina mmesahau, ni mimi yule jamaa alikuja na mbwa amefungwa kamba ya katani akaambiwa mbwa abaki nje. Ofisi ya mbwa lakini mbwa abaki nje, sawa. Sijakuja kutukana mtu. Sitataja brida, yaani mzalishaji wa mbwa, aliyeniuzia wala karani aliyenihudumia, na huyo mama kusema ukweli alinihudumia vizuri, alinitafutia ata kiti, shida haikuwa yeye, shida ni vile hiyo kazi yenyewe imepangwa, na ndio maana naandika hapa mbele ya watu badala ya kurudi kupiga foleni mara ya nne.

Chapo ni German Shepherd jike. Jina alipewa na binti yangu sababu alikuja na rangi ya chapati iliyoungua pembeni, na hilo ndilo jina pekee alilo nalo duniani, kwa karatasi hana lolote. Nilimnunua akiwa na wiki saba. Brida alikuwa na bei mbili, 30,000 bila karatasi, yaani cheti cha usajili kutoka kwenu, na 45,000 na karatasi, nikauliza hiyo tofauti ni ya nini akasema baba na mama wote wako kwa kitabu, karatasi za watoto ziko njiani, nipe wiki sita. Nikatuma 45,000 na M-Pesa papo hapo. Ule ujumbe wa M-Pesa ninao mpaka leo na hauna mahali umeandikwa neno karatasi, umeandika tu pesa imeenda kwa fulani saa fulani. Nikapewa kijitabu cha chanjo chenye stika moja, chakula kidogo kwa mfuko, tukarudi Nakuru na matatu Chapo amelala kwa mapaja ya bibi yangu njia yote. Hapo kosa ni langu na nalisema kabla hamjanishika nalo: sikuomba kuona fomu, sikuomba namba ya baba wala ya mama, dume sikumwona kabisa, nilionyeshwa mama tu nikaona ameshiba na anatingisha mkia nikasema basi. Mtu akishawekewa mtoto wa mbwa mkononi sijui akili huwa inaenda wapi.

Wiki sita zikaisha, zikawa kumi, zikawa ishirini. Nikipiga naambiwa ziko ofisini, mara mwenye muhuri amesafiri, mara mtandao umeanguka, mara "buda si nilikwambia mimi nitakupigia". Ndio nikafunga duka siku moja nikaja huko kwenu, kilomita kama 160 kwenda na zingine kama hizo kurudi. Yule mama akafungua rekodi. Mama yake Chapo akapatikana, jina lipo, namba ipo, tarehe ya kuzaliwa ipo. Watoto hakuna. "Huu mzao haujaletwa hapa," akasema, yaani watoto wa tumbo hilo hawajaandikishwa, na akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe, na kweli palikuwa peupe.

Nikauliza si niulete mimi basi, mtoto mmoja wa huo mzao si huyu hapa nje amefungwa kwa mti? Akanieleza polepole kama mtu aliyeeleza hiyo kitu mara mia. Fomu ya mzao inajazwa na mwenye jike. Mwenye dume naye lazima asaini kukubali kwamba dume wake ndiye alipanda siku fulani. Watoto wanaandikwa wote kwa pamoja, madume wangapi, majike wangapi, rangi. Mnunuzi anaingia mwisho kabisa kwa fomu ya kubadilisha mwenyewe, na hiyo pia mpaka muuzaji asaini. Nikakaa hapo nikihesabu saini, na wakubwa, niambieni kama nimekosea, kutoka mbwa anapandwa mpaka anafika kwangu hakuna ata mahali pamoja saini yangu inaweza kusukuma kitu. Inahitajika kupokea tu, kama kuna cha kupokea. Pesa yangu ndio ilihitajika na ilifika siku ya kwanza.

Mwenye dume nilimpata kwa kubahatisha, mtu alinionyesha kwenye maonyesho ya mbwa akasema yule pale mwenye koti la kijani ndiye mwenye baba wa mbwa yako. Nikamwendea. Mzee mpole tu, akacheka akaniuliza, "Wewe ni wa ngapi?" Kumbe wengine walishakuja. Akanisimulia: walikubaliana na mwenye jike kwamba hatalipwa pesa ya kupandisha, atapewa mtoto mmoja chaguo la kwanza. Watoto wakazaliwa wanane. Alipoenda kuchagua akakuta saba wameshauzwa na aliyebaki ni mmoja mwembamba anaharisha. Akakataa kumchukua na akakataa kusaini. "Nikisaini leo atanilipa lini?" Na mimi nikimwangalia sikuweza kumlaumu, ata mimi mtu akichukua mabati kwa deni na asirudi simwandikii risiti ya kwamba amelipa.

Lakini oneni sasa ilipofika. Deni ni la watu wawili. Mbwa wanane hawana baba. Watu saba tulilipa bei ya mbwa mwenye baba. Na ofisi yenu inasema, kwa heshima na kwa ukweli, sisi hatujui kitu sababu hatujaletewa kitu.

Najua kuna wenye watasoma hii wacheke. Jirani yangu mzee mmoja mstaafu aliniuliza kwani cheti ya nini, anataka kuajiriwa? Mwizi akiruka ukuta atauliza cheti kwanza? Nikacheka na yeye, na kweli usiku wa manane Chapo anabweka sawasawa tu na mbwa koko wa barabarani, na hao koko wengine wana akili kumliko, sisemi uongo. Ningekuwa nataka mlinzi peke yake ningelipa zile 30,000 nikalala.

Mimi nimelelewa Molo kwa mzee mwenye ng'ombe. Mzee wangu hakuwa tajiri, alikuwa na ng'ombe wanne watano wa maziwa, na alikuwa na kopo la mafuta ya Kimbo juu ya kabati ambalo sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kugusa. Ndani ya kopo hakukuwa na pesa. Kulikuwa na vile vikaratasi daktari wa ng'ombe anaacha akishaweka mbegu, jina la fahali, namba yake, tarehe, zile mbegu za kituo cha Kabete. Kila ng'ombe na fungu lake limefungwa na mpira. Siku moja, nakumbuka nilikuwa nimeshika kamba, daktari amekuja na pikipiki, ametoa mbegu yuko tayari, mzee anamwambia ngoja. Anashusha kopo, anavaa miwani, anasoma. Anamwambia daktari, huyu unataka kumpa ni baba yake. Daktari akabisha kidogo, akaangalia ule mrija wa mbegu, akaangalia karatasi, akarudi kwa pikipiki kuchukua mwingine. Ile ndama haingezaliwa na jicho moja wala nini, sijui ingezaliwa vipi, lakini mzee alikuwa anajua kwamba ukirudisha damu kwa damu, ukifanya mara moja huoni kitu, ukifanya mara tatu unaanza kuona ng'ombe hazishiki mimba, ndama dhaifu, maziwa yanapungua na unamlaumu mchawi.

Na wafugaji wa ng'ombe hapa kwetu wana kitu kizuri sana ambacho nyinyi mngekiiga kesho asubuhi. Ng'ombe asiyejulikana mababu hafukuzwi kwa kitabu. Anaanzia chini, faundesheni, binti yake kwa fahali anayejulikana anapanda intamidieti, mjukuu apendiksi, halafu ndio pedigrii. Ni ngazi. Mzee wangu alikuwa anasema majina ya hizo ngazi kama mtu anataja madarasa ya watoto wake. Mbwa kwenu ama yuko ndani ama yuko nje na mlango ukifungwa umefungwa.

Sasa nirudi kwa Chapo nieleze kwa nini nimetoka kwa hasira ya 15,000 nikaingia kwa hofu. Juzi, ni kama miezi mitatu hivi, kuna kijana alikuja dukani kununua rangi akamwona Chapo amelala mlangoni. Akampenda. Akasema ana dume, pure, anatafuta jike wa kupandisha, tugawane watoto nusu kwa nusu. Akatoa simu akanionyesha, dume kweli amesimama vizuri, kifua, masikio, mgongo mweusi. Mimi nshaanza kupiga hesabu ya watoto wanane mara 45,000, tusidanganyane, nilipiga. Halafu akapitisha picha ingine ya dume huyo huyo akiwa mdogo, ameshikwa na mtu, na huyo mtu amevaa koti la kijani.

Nikamuuliza huyu ni nani. Akasema ndiye mwenye baba wa huyu mbwa yangu.

Yaani baba mmoja. Mama tofauti, baba mmoja. Kwa watu tungesema kaka na dada wa baba mmoja, hakuna mzee angekaa kikao cha mahari. Kwa mbwa hakuna kitu ingetuzuia isipokuwa koti. Kijana hana karatasi kama mimi nisivyo nazo, yeye anaambiwa ziko njiani, na angekuja siku simu haina chaji hawa wawili wangepandana na watoto tungeuza tukiapa kwa Mungu ni pure, na tusingekuwa tunadanganya, ni pure kupita kiasi.

Hesabu ya hii mambo si siri, wataalamu wameifanya toka miaka ya 1920. Mtoto wa ndugu wa baba mmoja, asilimia 12.5 ya urithi wake inatarajiwa kuwa ni nakala ile ile pande zote mbili, imetoka kwa babu ikazunguka ikakutana tena. Kaka na dada wa tumbo moja na baba mmoja ama baba na binti yake inafika 25. Mabinamu wa kwanza 6.25. Nakala ikikutana na mwenzake na iwe ni nzuri hakuna neno, ikiwa ni kasoro iliyokuwa imejificha ndio inatoka nje. Dume mmoja mzuri hapa kwetu anaweza kuwa amepanda jike ishirini, na watoto wake wako Eldoret, Thika, Nakuru, wote wanaitwa Simba na hawajuani. Kitabu chenu ndio kingetakiwa kuwa lile kopo la Kimbo la nchi nzima. Hiyo ndio kazi ya kitabu. Medali na riboni ni sherehe.

Na hii mbwa yenyewe historia yake ni ya kitabu toka siku ya kwanza. Mwaka 1899 afisa mmoja wa farasi Mjerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa wa kuchunga kondoo kwenye maonyesho Karlsruhe, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath, akaanzisha chama cha German Shepherd kinachoitwa SV mwezi huo huo wa Aprili, na Horand ndiye mbwa namba moja kwa kitabu. Kabla ya huyo kulikuwa na mbwa wa kuchunga tele Ujerumani lakini hakukuwa na German Shepherd, kalamu ndio ilimtenga. Na hao wazee walizalisha ndugu kwa ndugu sana mwanzoni kusudi watoto wafanane, lakini angalau walikuwa wanajua wanachofanya sababu kimeandikwa, unaweza kurudi ukaona nani alizaa nini. Sisi tunafanya ile ile kwa giza. (Wazee wetu hapa walikuwa wanamwita Alsesheni, hiyo ni ya Waingereza, baada ya vita ya kwanza neno German lilikuwa halitamkiki huko wakambatiza jina la Alsace, wakaja kurudisha German Shepherd 1977. Mbwa ni yule yule, siasa tu.)

Mpaka leo Ujerumani brida hasubiri watoto wauzwe ndio aanze kutafuta saini. Kupandisha kunaripotiwa, mzao ukizaliwa unaripotiwa, na kuna mtu wa chama anakuja nyumbani kuangalia watoto na mama kwa macho. Watoto wa mzao mmoja majina yao yanaanza na herufi moja, mzao wa kwanza wa brida mmoja A, wa pili B, ukisikia jina tu unajua huyu na yule ni tumbo moja. Nikiwaza Chapo na ndugu zake saba wangeitwa nini nacheka, Chapo, Chai, Chumvi. Na jike hapandwi hivi hivi, mpaka nyonga zipigwe picha na matokeo yaandikwe kwenye karatasi zake. Hapo kwa nyonga nitasimama kidogo.

Hii jamii ya mbwa inajulikana kwa ugonjwa wa nyonga, ule mfupa wa paja haukai vizuri kwa tundu lake, mbwa anaanza kuchechemea akiwa mdogo ama anazeeka na miaka mitano. Kwa utaratibu wa FCI, lile shirikisho la dunia lenye makao Thuin huko Ubelgiji, nyonga zinapewa herufi, A ni safi na E ni mbaya kabisa. Mimi Chapo nilimpeleka kwa daktari akapigwa picha. Daktari akasema zinaonekana nzuri. Nimefurahi, lakini niambieni hiyo picha naipeleka wapi? Mbwa hana namba. Nimeiweka kwa bahasha nyumbani chini ya godoro. Mtu akinunua kwangu mtoto wa Chapo baadaye nitamwambia mama yake ana nyonga nzuri na yeye ataniamini kama vile mimi niliamini karatasi ziko njiani.

Wala sisemi karatasi ni dawa. AKC, chama kinachoandikisha mbwa huko Marekani, wenye wako kwa hiyo kazi toka 1884, wanasema wazi wazi kwamba cheti chao kinaonyesha tu mbwa ni mtoto wa baba na mama wanaojulikana na tarehe ya kuzaliwa inajulikana, hakisemi ni mzima wala ni bora. Na huko huko Marekani kuna kampuni zinaweza kukupa cheti chenye dhahabu pembeni kwa kutuma picha na pesa. Ukoo kwa karatasi pia unaweza kuwa mbaya, unaona babu mmoja amejirudia mara nne na kila mtu anapiga makofi. Kennel Club ya Uingereza, ya 1873, ndio mkongwe wao wote, ilifika 2009 ikasema basi, watoto wa baba na binti, mama na mwanawe, kaka na dada hatuwaandiki tena. Walikuwa na kitabu miaka zaidi ya mia na bado ilibidi waambiwe na watu wa nje kelele ikapigwa. Lakini waliweza kukataza kwa sababu walikuwa wanaona. Huwezi kukataza ndoa ya ndugu kama hujui nani ni ndugu.

Sasa wakubwa, naomba nini.

Naomba mbwa akipandwa muambiwe hiyo wiki, sio miezi minne baadaye watoto wakiwa Eldoret. Ujumbe wa simu tu, namba ya jike, namba ya dume, tarehe, na mwenye dume anajibu ndio. Hapo bado wanaongea vizuri, hakuna mtoto wa kugombania. Wakija kukosana juu ya pesa ama chaguo la kwanza, waende kwa chifu, waende mahakama ya madai madogo, ni haki yao, lakini ubaba ushaandikwa. Hiyo moja tu ingeniondoa mimi kwa hii barua.

Chipu iwekwe kabla mtoto hajaondolewa kwa mama yake kwenda kwa mnunuzi. Ninyi mnajua kuliko mimi, ni kitu kidogo kama punje ya mchele kinaingia na sindano kwa ngozi ya shingo, kina namba ya tarakimu 15, hakiibiwi hakichakai. Mimi nilimwekea Chapo mwenyewe kwa 3,000. Kuna rafiki yangu alihamia Ujerumani na mbwa wake, akaniambia huko hawakubali chanjo ya kichaa cha mbwa iliyochomwa kabla ya chipu, ni kama haikuchomwa, maana watajuaje ni mbwa huyu huyu? Tena kutoka huku kwetu lazima damu ipimwe na baada ya damu kutolewa usubiri miezi mitatu. Alirudia kila kitu mwanzo. Lakini ona hiyo akili: namba kwanza, halafu mengine yote yanaandikwa juu ya namba. Hapa mtoto anauzwa na stika ya chanjo kwa kijitabu, na kile kijitabu unaweza kumpa mbwa yeyote mwenye rangi ya chapati.

Halafu naomba mtu wa kawaida aweze kuuliza. Niko mbele ya brida, pesa iko kwa simu, naandika namba ya chipu ya mama nipate jibu: yupo kwa kitabu, alipandwa tarehe fulani na dume fulani. Ama hayupo. Sihitaji nambari ya simu ya mtu wala anapokaa, sitaki siri za watu. Ata gari naweza kuangalia kabla sijanunua ni la nani, shamba naweza kufanya sachi, mbwa wa 45,000 nanunua kwa uso wa muuzaji. Mkifanya hiyo ile bei ya pili, ya na karatasi, itakuwa na maana, na wale vijana wanasimama kando ya barabara na watoto wawili kila mkono wakisema boss hii ni German pure, watauza lakini watauza kwa bei ya koko, na ni sawa.

Na mnunuzi apewe mlango. Najua mtasema watu wataleta mbwa wa ajabu wakitaka cheti. Basi iwe kwa vipimo. Siku hizi DNA ya baba, mama na mtoto inasema ukweli bila kuogopa mtu. Kama mama ako kwa kitabu, baba ako kwa kitabu, na wenyewe wamegoma kusaini kwa sababu zao, mimi nilipe vipimo nithibitishe, na kanuni zenu ziwalazimishe watoe sampuli wakitaka kuendelea kusajili mizao mingine kwenu. Mwenye dume yule wa koti nilimuuliza kama angekubali kutoa mate ya mbwa wake. Akasema mate achukue, saini hapana. Mnaona? Ata yeye anajua hizo ni vitu viwili.

Kama mtaona hii yote ni kubwa sana, anzeni na ile ngazi ya ng'ombe. Mwandikeni Chapo faundesheni. Mama anajulikana, baba weka alama ya kuuliza, gongeni muhuri mkubwa mwekundu kwamba watoto wake hawasajiliwi mpaka baba athibitishwe, mimi sitalalamika, kwa wenzenu wa Uingereza brida anaweza kuwekea masharti ya namna hiyo ata mbwa wazima kabisa. Sitafuti heshima. Neno lenyewe pedigrii wanasema limetoka kwa Kifaransa cha zamani, mguu wa korongo, kwa vile ile michoro ya ukoo ilikuwa na mistari mitatu imegawanyika kama nyayo za ndege. Mimi wa kwangu nipeni ata na kidole kimoja, hicho cha mama, ni afadhali kuliko ukurasa mweupe nilioonyeshwa.

Najua hamlipwi mishahara minono, wengine wenu mnafanya kwa kupenda mbwa tu, jioni baada ya kazi, na mtu akikosa karatasi anawatukana ninyi badala ya brida. Nimeona vile yule mama ana faili mpaka chini ya meza. Lakini ada ya usajili mnapokea ninyi, na jina lenu ndilo brida anatumia kuongeza 15,000 juu ya bei. Alinitajia jina la chama chenu mara tatu kabla sijatoa simu mfukoni. Mngekuwa mnajua ni mara ngapi kwa wiki jina lenu linauza watoto wa mbwa ambao hamjawahi kuwasikia, nadhani mngekosa usingizi kama mimi.

Yule kijana wa dume alipiga tena jana. Chapo ameingia joto la pili, nimemfungia ndani, mbwa wa mtaa mzima wamelala nje ya geti langu na hakuna ata mmoja amekuja na karatasi. Kijana anasema kaka usijali, hao si ndugu sana, mama ni tofauti, na watoto watatoka wazuri, na kuna mtu ashaweka oda ya wawili. Nimemwambia asubiri nimeandikia wakubwa. Ameniuliza watajibu lini, joto linaisha wiki ijayo.

Ni mimi, baba Chapo, Nakuru. Namba yake ya chipu na ya mama yake mnazo, nilimwachia yule mama kwa karatasi ya manjano.